INJINI INAKULA OILI BAADA YA OVAHOLI? PIMA KWANZA, SHUSHA BAADAYE



Leo naongea na wewe mwenye chombo cha moto cha biashara. IST ya abiria, Probox ya kusambaza mikate, Noah ya kukodisha, Hiace, Kirikuu, bajaji, bodaboda. Hasa wewe uliyetoka kufanya ovaholi juzi juzi, hela yote umelipa, na sasa kila ukichomoa dipstiki unakuta oili imeshuka.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Injini iliyofanyiwa ovaholi ikianza kula oili, usikubali ishushwe tena mpaka imepimwa. Sisemi iangaliwe, nasema ipimwe. Namba zitoke, ziandikwe kwenye daftari, wewe na fundi mzione wote wawili.

Mimi nauza oili na spea ndogondogo, kwa hiyo kaunta ndiyo darasa langu. Namuona mtu anakuja kila Jumatatu kuchukua lita moja. Kimaslahi ningenyamaza tu, si ananiungisha? Lakini mteja ambaye injini yake imenoki hanunui oili tena, na mwenye gari lililopaki hana hela ya kununua chochote. Ndiyo maana naandika.

Ugomvi usio na namba hauishi

Unajua inavyokuwaga. Mwenye gari anasema: "Fundi umeniwekea ringi feki." Fundi anajibu: "Boss, ringi bado zinakaa, tembea kwanza, itaacha yenyewe." Wiki inapita, mwezi unapita. Mwenye gari anahamia kwa fundi mwingine, na huyu wa pili hata boneti hajafungua vizuri anasema: "Hapa hakuna kazi, shusha injini."

Kila mmoja hapo anaweza kuwa na haki. Ringi kweli huchukua muda kukaa. Ringi feki zipo. Na kuna kazi zingine kweli zinahitaji kurudiwa. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepima. Wanabishana kwa kelele, na anayelipa kelele ni wewe.

Wewe ni mfanyabiashara. Hupokei gunia la mahindi kwa kuambiwa "ni kilo mia hizo boss", unaliweka kwenye mzani. Sasa kwa nini injini ya milioni na ushee uipokee kwa maneno?

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi

Pistoni ya injini nyingi za gari ina ringi tatu. Mbili za juu kazi yake kubwa ni kuzuia nguvu ya mlipuko isipite kwenda chini. Ya tatu, ile ya chini kabisa, ni ringi ya oili. Hiyo inakwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini isiungue.

Sasa shika hili: kipimo cha kompresheni kinapima zaidi zile ringi za juu pamoja na valvu. Ringi ya oili hakiigusi sana. Maana yake injini inaweza kuwa na kompresheni nzuri kabisa, inavuta vizuri, inawaka kwa mshtuko mmoja, na bado inakunywa oili. Ringi ya oili inaweza kuwa imeganda kwa masizi, imefungwa vibaya, au matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yameziba.

Mfano uko wazi. Injini ya Toyota 2AZ-FE, ile ya lita 2.4 utakayoikuta kwenye Alphard, Estima na Harrier, iliwahi kuleta malalamiko makubwa ya kula oili huko Marekani, zikiwemo Camry za 2007 hadi 2009. Magari yalikuwa yanatembea vizuri tu. Toyota ya kule ikaweka utaratibu wa kupima: ukivuka kwati moja ya oili kwa maili 1,200, yaani karibu lita moja kwa kilomita 2,000, gari linahesabika lina tatizo. Dawa yake ilikuwa pistoni na ringi mpya zilizoboreshwa. Umeona? Hata kampuni yenyewe haikuanza kufungua injini kwa kusikiliza maneno. Ilianza na kipimo cha kilomita.

Kwa hiyo fundi akikuambia "kompresheni iko safi, kwa hiyo injini haili oili", hapo kuna hatua ameruka. Na akikuambia "inakula oili, kwa hiyo ringi zimekufa", ameruka nyingine.

Mpangilio wangu: anza na cha bure, malizia na cha gharama

*1. Hakikisha inaliwa, haivuji.* Tandika boksi safi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi angalia matone. Kisha pitia kwenye filta ya oili, nati ya kumwagia oili, kifuniko cha valvu, na pale injini inapokutana na giaboksi. Ovaholi imefungua gasketi na sili kibao, kwa hiyo kuvuja baada ya kazi ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyofikiri. Nyingine huvuja pale tu injini ikiwa ya moto na gari likiwa kwenye mwendo, kwa hiyo futa injini iwe kavu, tembea siku mbili, kisha rudi uangalie upya.

*2. Pima kiasi.* Hii ndiyo namba mama. Paki gari sehemu tambarare, ile ile kila siku, asubuhi kabla ya kuwasha. Jaza mpaka alama ya juu. Andika kilomita za kwenye dashibodi. Tembea kilomita 1,000, huku ukichungulia dipstiki kila asubuhi. Ikikaribia alama ya chini, ongeza kwa chombo chenye vipimo na uandike umeongeza mililita ngapi. Mwisho wa kilomita hizo jaza tena mpaka alama ile ile ya juu. Jumla ya ulichoongeza ndiyo ulaji wako. Usiseme "inakula sana". Sema "inakula mililita 600 kwa kilomita 1,000."

Wa bodaboda, simamisha pikipiki wima kabla ya kusoma. Pikipiki nyingi za bodaboda hubeba kama lita moja tu ya oili. Mililita 300 zikipotea, theluthi nzima imeondoka, kwa hiyo wewe usisubiri wiki.

Na kuna mtego: oili isiposhuka kabisa, au ikipanda, usishangilie. Inaweza kuwa petroli inaingia kwenye oili. Inusie. Au maji yanaingia, oili inageuka kama chai ya maziwa. Hiyo ni habari nyingine kabisa, zima gari uite fundi.

*3. Soma moshi, na usome umetoka wakati gani.* Rangi peke yake haitoshi. Gari likilala usiku, ukiwasha asubuhi likatoa moshi wa bluu mara moja kisha likaacha, mshukiwa wa kwanza ni sili za valvu, oili ilidondoka usiku. Ukishuka mlima mrefu kama Kitonga au Sekenke ukiwa umeachia pedali, halafu ukikanyaga nyuma kukatokea wingu la bluu, hapo pia ni sili au gaidi za valvu. Moshi wa bluu ukitoka wakati unapanda na mzigo, injini inakaza, mshukiwa ni ringi. Moshi mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, fikiria gasketi ya hedi. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, na huo hauhusiani na oili.

Ila usidanganyike na ekzosi safi. Gari linaweza kula oili pole pole bila wewe kuona moshi wowote. Ndiyo maana namba mama ni ile ya daftari.

*4. Toa plagi, zipange kwa namba ya silinda.* Ikiwa moja tu ina oili na masizi mengi, tatizo liko kwenye silinda hiyo: ringi imevunjika, silinda imechubuka, au sili ya valvu ya hapo imechanika. Zikiwa zote zinafanana, tafuta sababu inayogusa injini nzima: ringi zote hazijakaa, au injini haipumui vizuri. Plagi zile mbili tatu juu ya meza zinaongea kuliko mabishano ya saa nzima.

*5. Angalia njia ya kupumulia.* Kuna valvu ndogo na mpira wake, vinatoa hewa chafu kutoka tumboni mwa injini na kuirudisha kwenye hewa inayoingia. Ikiziba, presha inajaa ndani, oili inasukumwa kutafuta pa kutokea, kwenye sili au kwenye hewa inayovutwa. Ikikwama wazi, injini inanyonya oili moja kwa moja. Spea hii ni ndogo na bei yake ni ndogo. Wengi wanaporudisha injini wanafunga ile ile ya zamani, imeshaganda. Kabla hujalipia ringi seti nzima, lipia hii.

*6. Kompresheni kavu, kisha ya oili.* Injini iwe na moto, plagi zote zitoke, mafuta yakatwe, betri iwe na nguvu, pedali ikanyagwe mpaka chini. Andika namba ya kila silinda. Usiangalie ukubwa tu, angalia tofauti: wengi hutumia kanuni kwamba silinda dhaifu isishuke chini ya robo tatu ya ile yenye nguvu. Kisha kwenye silinda dhaifu weka kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda. Ikibaki pale pale, valvu au gasketi. Kwa dizeli usijaribu hili la kumimina oili bila fundi wa dizeli, maana nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo mno.

*7. Jaza hewa, sikiliza inatokea wapi.* Silinda inawekwa juu kabisa valvu zikiwa zimefunga, inajazwa hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, inapita kwenye ringi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Mapovu yakitoka kwenye rejeta, ni gasketi au ufa. Kipimo hiki hakina siasa, masikio ya wote wawili yanasikia.

*8. Ingiza kamera.* Siku hizi kuna kamera ndogo zenye waya, unachomeka kwenye simu. Inapita kwenye tundu la plagi. Unaona mikwaruzo ya ukuta wa silinda. Unaona pia juu ya pistoni: kingo zikiwa zimeoshwa safi huku katikati kuna masizi, ujue oili inapanda pembeni.

Baada ya hapo, kama namba zinasema shusha, basi shusha. Sikatai ovaholi ya pili. Nakataa ovaholi ya pili ya kubahatisha.

Sasa tupige hesabu, maana hii ni biashara

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za mfano, wewe weka zako. Gari linatembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla kilomita 3,900. Lita ya oili tuseme shilingi 12,000.

Likila lita moja kwa kilomita 2,000, kwa mwezi ni kama lita 1.95, yaani shilingi 23,400.

Likila lita moja kwa kilomita 1,000, ni lita 3.9, shilingi 46,800.

Likila lita moja kwa kilomita 500, ni lita 7.8, shilingi 93,600.

Sasa ovaholi ya pili tuseme 1,500,000, na gari likae gereji siku tano ambazo lingekuingizia 40,000 kila siku. Jumla 1,700,000. Kwa yule wa lita kwa kilomita 1,000, atahitaji zaidi ya miezi 36 ili oili aliyookoa irudishe hela hiyo. Miaka mitatu! Lakini kipimo kikionyesha ni sili za valvu, ambazo kwa injini nyingi zinabadilishwa bila kushusha injini, na tuseme kazi nzima na siku moja ya kupaki ni 240,000, hela inarudi ndani ya miezi mitano na kidogo.

Unaona kwa nini nang'ang'ania kupima? Dalili ni ile ile, oili inapungua. Lakini dawa moja inarudisha hela kabla ya mwaka kwisha, na nyingine inaweza kukumaliza.

Naomba nieleweke. Sisemi ukae tu unaongeza oili miaka mitatu. Oili inayoungua inachafua plagi na inaziba masega ya ekzosi. Kubwa zaidi, siku ukisahau kuongeza, oili ikashuka chini ya kiwango, beringi za kranki zinakauka na injini inanoki. Hapo siyo ovaholi tena, ni kununua injini. Ninachosema ni hiki: ulaji mdogo uliopimwa na kusimamiwa ni gharama ya biashara kama tairi. Ulaji unaopanda kila mwezi ni onyo. Na huwezi kujua ni upi bila daftari.

Na ile "ringi bado zinakaa" je?

Ni kweli, mwanzoni injini mpya inaweza kula kidogo. Ringi mpya na ukuta uliopigwa msasa wa mashine vinahitaji kusuguana mpaka vikubaliane. Kazi kubwa inafanyika mapema, kilomita mia chache za kwanza, na inahitaji injini ipewe kazi ya wastani: kupanda na kushuka mwendo, mzigo kiasi. Kuliacha gari linanguruma limepaki masaa ili "injini izoee" hakusaidii. Ukuta unaweza kung'aa kama kioo na ringi zisikae kabisa.

Kanuni yangu mimi: ulaji upungue kila kilomita 1,000. Mfano 800, kisha 500, kisha 300, subiri kwa amani, fundi yuko sahihi. Ukifika kilomita 3,000 na namba ni ile ile au inapanda, maneno ya "itaacha yenyewe" yameisha muda wake. Anza vipimo.

Maswali ya kumuuliza fundi bila kumvunjia heshima

Fundi mzuri hakasiriki ukiuliza. Muulize kama mwenzako wa kazi, sio kama polisi.

"Fundi, silinda mlitanua saizi gani, na pistoni ni saizi hiyo hiyo?" Pistoni za kuzidisha zinakuja kwa hatua, 0.25, 0.50, 0.75, 1.00 za milimita. Ukuta ukishalika, ringi mpya juu ya silinda ya zamani iliyopinda umbo ni kupaka rangi nyumba yenye ufa.

"Uwazi wa ringi mlipima?" Kanuni ya zamani kwa injini ya kawaida ni kama 0.004 ya kipenyo cha silinda. Silinda ya 1NZ ya Probox ina milimita 75, kwa hiyo ringi ya juu inakuja kama milimita 0.30. Kitabu cha injini husika ndicho cha mwisho.

"Alama ya ringi ilitazama juu? Midomo ya ringi mliitawanya?" Ringi yenye alama ikigeuzwa chini juu inaweza kupandisha oili badala ya kuishusha.

"Bloku mliosha na nini baada ya kupiga msasa?" Hili nalipenda. Unga wa jiwe la msasa hautoki vizuri kwa petroli peke yake. Unatoka kwa maji ya moto na sabuni, unasugua kwa brashi, kisha unapaka oili haraka isishike kutu. Futa ukuta kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kijivu, bado. Unga huo ukibaki, ringi mpya zinasagwa kuanzia siku ya kwanza.

Na swali lako mwenyewe: mpira wa filta ya hewa uko sawa? Barabara zetu tunazijua. Mpira ukiwa na ufa nyuma ya filta, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda. Injini ya ovaholi safi inaweza kuharibika kwa njia hiyo, na fundi akabebeshwa lawama isiyo yake. Vivyo hivyo gari likichemsha mara moja tu baada ya ovaholi, ringi zinaweza kupoteza mkazo.

Kwa wale wa "fundi niongezee na nguvu kidogo"

Hawa wapo. Injini imeshashushwa, mtu anaona afadhali amalizie kabisa: anachongesha hedi, anaongeza presha ya turbo, anaweka pistoni za kughushi kama za magari ya rali. Kuna vijana wa Subaru na Altezza wanajua wanachofanya, siwagusi. Naongea na wewe wa Hiace ya 1KZ au Forester unayobebea bidhaa.

Injini ya nguvu ina uwazi mkubwa makusudi. Pistoni nyingi za kughushi hutanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo zinaachiwa nafasi zaidi. Asubuhi unasikia zinagonga mpaka zipate joto. Uwazi wa ringi nao unaongezwa maana turbo inaleta joto kubwa, kwa hiyo injini inapumua zaidi, na oili kidogo inaondoka. Kwa gari la mashindano hiyo ni kawaida, linafunguliwa mara kwa mara. Kwa gari la kutafutia ada ya mtoto, ni mzigo.

Na ukiwa na turbo, ongeza kipimo kimoja kabla ya kulaumu ringi: fungua mpira unaotoka kwenye turbo. Ukikuta oili inatiririka, tikisa shafti yake kama inacheza, na angalia bomba la kurudishia oili kama limeziba. Turbo iliyochoka inaweza kumwaga oili kwenye injini yenye ringi mpya kabisa.

"Si niweke tu oili nzito?"

Swali la kila siku kaunta. Oili nzito inaweza kupunguza ulaji, ni kweli. Lakini haitibu, inaficha. Na injini za VVT-i zina njia nyembamba za oili, zinategemea oili ifike haraka asubuhi. Ukiitumia, itumie ukijua unanunua muda wa kukusanya hela ya matengenezo, na usitoke nje ya unene ambao kitabu cha gari kinaruhusu.

Na tafadhali, usiweke oili nzito ili moshi utulie siku ya kumuonyesha mteja gari. Huyo unayemuuzia naye ana mkopo. Naye anatafuta.

Karatasi moja kabla ya kuchukua gari

Siku ya kukabidhiwa gari, kabla hujatoa hela ya mwisho, karatasi moja iwe na mambo haya: kilomita za kwenye dashibodi, saizi ya pistoni, uwazi wa ringi, kompresheni ya kila silinda siku hiyo, aina ya oili iliyowekwa, na tarehe ya kurudi kumwaga oili ya kwanza, mimi nasema isizidi kilomita 1,000. Andikeni pia: ulaji ukizidi kiasi fulani baada ya kilomita 3,000, tunapima pamoja, na sababu ikiwa ya kazi, fundi atafanya nini. Wote msaini.

Najua mtu atasema mafundi wetu hawana vifaa vya kupimia. Geji ya kompresheni bei yake ni ndogo ukilinganisha na ovaholi moja. Kama fundi wako hana, mlipe fundi mwingine apime tu, asifungue chochote. Mwambie kabisa: "Kaka, nakulipa kupima, si kutengeneza." Anayepima bila kutegemea kazi inayofuata hana sababu ya kukuongezea tatizo.

Na kwa mafundi mnaosoma hapa: karatasi hii inawalinda ninyi zaidi. Siku vumbi litakapoua injini uliyoifunga vizuri, namba zako za siku ya kwanza ndizo zitakazokutetea. Jina la fundi ni mtaji, na mtaji hautetewi kwa kupaza sauti.

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, chomoa dipstiki, jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita. Daftari la kurasa 40 linatosha. Na kama una jirani anayejiandaa kushusha injini kwa mara ya pili, mtumie hii leo, kabla hajaenda kukopa.